Mguu Wangu Mbele ya Liwali

Wazazi wangu waliachana mimi nikiwa bado nanyonya, kwa hiyo sina kumbukumbu ya nyumba waliyoishi pamoja. Ninazokumbuka ni nyumba mbili. Ya mama ilikuwa Temeke, nyumba ya makuti tuliyokaa na bibi mzaa mama, katikati ya mikorosho na mihogo. Enzi hizo mji ulikuwa haujafika huko ila kwa vipande. Ya baba ilikuwa Kinondoni, upande wa pili kabisa, si mbali na majumba ya Wazungu ya pwani ambako alikuwa mpishi. Huko alikuwa na mke mwingine.

Walipoachana, liwali ndiye aliyewapangia matunzo yangu. Baba alete fedha za chakula kila mwisho wa mwezi, na nguo kila sikukuu. Alileta. Sitaki mtu adhani baba yangu alikuwa mtu wa kukimbia wajibu. Alifika na baiskeli yake, akaketi barazani, akamkabidhi bibi, na bibi akampa mama. Wao wenyewe walisalimiana tu, kila mmoja akitazama kwake. Lakini siku ile kwa liwali hakuna aliyetaja maradhi. Nilikuwa mtoto wa kike, mzima, mnene, na ni mzazi gani atakayeketi mbele ya watu kukadiria ugonjwa wa mwanawe ambao haujaja?

Ulikuja nilipokuwa nimeanza chuo, najifunza herufi za kwanza za Kurani. Goti langu la kulia lilivimba. Bibi alilikanda kwa maji ya moto na majani ya mbarika, akasema ni kuanguka. Mganga mmoja wa jirani akachanja, akapaka dawa nyeusi. Goti likazidi kuwa kubwa, na paja juu yake likawa linakonda, hata mwalimu wa chuo akamwambia mama asinilete tena mpaka nipone. Mama akanibeba mgongoni hadi barabara ya basi, akanipeleka hospitali ya serikali mjini.

Daktari alikuwa Mzungu aliyesema maneno machache. Aliyetufafanulia ni dresa wake, msaidizi wa kufunga vidonda, kijana wa bara mwenye sauti ya upole. Alisema maradhi yameingia ndani ya mfupa. Mguu utanyooshwa na kufungwa plasta, nami niletwe kila wiki kwa sindano na kutazamwa. Plasta ikiondolewa, nitavaa chuma cha kushikilia mguu na kiatu maalumu mpaka mfupa ushikane. Na nile maziwa na mayai, kwa sababu dawa peke yake haijengi mwili. Sindano hazikuwa na malipo. Chuma na kiatu vilitengenezwa na fundi wa Kihindi mjini, na hivyo tulipaswa kugharimia wenyewe, pamoja na nauli na maziwa.

Mama alikuwa akiishi kwa kusuka mikeka. Alipoteremka kwenye basi jioni ile alikuwa amekwisha jua kwamba mikeka haitatosha.

Akamtumia baba habari. Baba alikuja siku ya pili yake, akachuchumaa mbele yangu, akaligusa goti kwa ncha za vidole. Kisha akazungumza na bibi, mama akiwa nyuma ya mlango. Alisema anazo fedha kidogo na atakopa nyingine kwa bwana wake. Alisema pia kwamba Kinondoni kuna njia fupi zaidi ya kwenda hospitali. Halafu akasema neno lililotuumiza mwezi mzima.

"Kama gharama yote ni juu yangu, basi na mtoto awe juu yangu. Nimchukue."

Mama akajibu kutoka mle ndani, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akisema na baba moja kwa moja.

"Mtoto akienda kutibiwa, atarudi. Akienda kulelewa, harudi."

Sikuwa na ndugu kwa mama. Yeye hakuolewa tena, na watu walijua kwa nini: angeolewa, baba angepata sababu ya kunidai. Kwa hiyo alikataa. Baba naye akasema hawezi kutoa yote kwa mtoto asiyelala kwake. Watu wakatumwa, wajomba wakaenda Kinondoni wakarudi, na kila mjumbe aliongeza la kwake njiani. Mama alinipeleka hospitali kila alipopata nauli. Wiki nyingine hakuipata, nikabaki nimelala ubavu mmoja, nikisikiliza watu wakiunena mguu wangu kana kwamba uko chumba kingine.

Mwishowe walikubaliana jambo moja tu, kurudi kwa liwali.

Nilibebwa hadi barazani kwake. Liwali alikuwa mzee wa Kiarabu aliyezaliwa papa hapa pwani, mwenye macho mazito, na aliwasikiliza kwa utaratibu uliomfanya kila mmoja ashushe sauti. Kwanza alimwuliza baba mshahara wake, kodi ya nyumba, na watu anaowalisha. Baba akajibu, akaongeza kwamba mkewe ni mjamzito. Kisha akamwuliza mama anapata nini kwa mikeka na nani anamsaidia. Halafu akataka kujua mgonjwa anahitaji nini, kitu kimoja kimoja. Mama alivitaja vyote. Nakumbuka nilishangaa kwamba ni vingi hivyo.

Kabla liwali hajasema lolote, mama akaomba ruhusa. Akasema yuko tayari kutoa nusu ya kila kitu, chuma, kiatu na maziwa.

"Mama," liwali akamwambia, "hakuna anayekudai nusu. Matibabu ya mtoto ni juu ya baba yake."

"Najua, shehe. Sitoi kwa kudaiwa. Natoa ili huyu bwana asipate la kusema."

Bibi akainamisha kichwa. Baba akatazama viatu vyake. Liwali akamgeukia baba, akamwambia maneno ambayo wajomba zangu waliyarudia kwa miaka.

"Mtoto si kiwanja, kwamba anayelipa ndiye anayeandikiwa. Utatoa kwa sababu ni damu yako, alale kwako asilale kwako."

Lakini umri wangu ulikuwa umefika pale ambapo sheria inamruhusu mtoto kuulizwa. Akaagiza nisogezwe. Mjomba akanibeba, akaniweka karibu na kiti chake, mguu umenyooka mbele ndani ya plasta kama mchi. Akaniuliza kwa upole nataka kukaa kwa nani. Nilimtazama mama, naye akageuza uso ili nisisome kitu usoni pake. Nilimtazama baba, naye alikuwa akinitazama kwa namna ambayo sijawahi kuisahau, kama mtu anayeomba bila kufungua mkono.

Nikasema, "Nataka kwa mama. Lakini baba anibebe."

Sikusema hivyo kwa busara. Mgongo wa mama ulikuwa mdogo, na aliponibeba mguu wangu uligongagonga nyongani mwake, nikiumia. Baba alikuwa mrefu. Hayo tu ndiyo niliyofikiri. Liwali alitazama chini, na aliponyanyua uso hukumu yake ilikuwa imepatikana. Chuma na kiatu alipe baba, na fedha za chakula ziongezwe kwa ajili ya maziwa. Mama anilee, na akitaka kusaidia asaidie kwa kadiri yake, isiwe sharti. Na baba anipeleke hospitali yeye mwenyewe, kila wiki.

Baba akamwomba mke wa bwana wake ambadilishie siku ya mapumziko, na kuanzia hapo alifika Temeke alfajiri. Alifunga ubao kando ya baiskeli ili mguu wangu upumzike juu yake, akanikalisha nyuma kwenye mto, akaisukuma kwenye mchanga mpaka tufike barabara ngumu ndipo apande. Hakuwa mzungumzaji. Nilipolia kwa maumivu alinitajia vyakula alivyopika wiki ile, supu ya vichwa vya samaki, mayai ya kupigwa povu, keki ya ndizi, taratibu, mpaka nikanyamaza.

Mambo hayakukaa kama yalivyopangwa. Bwana wake alikwenda likizo Ulaya, nyumba ikafungwa, na baba akabaki bila kazi. Mwisho wa mwezi alikuja mikono mitupu. Bibi alimshauri mama arudi kwa liwali. Mama alitoka nje, akamkuta baba amesimama ameshika baiskeli, hata hakuketi.

"Mwezi huu sina," baba akasema. "Nina miguu tu."

Mama akautazama ule ubao wa kando ya baiskeli. Kisha akasema, "Basi endelea kumpeleka. Maziwa nitayatafuta."

Akasuka mpaka vidole vikapasuka. Wiki iliyofuata baba alileta mayai yaliyofungwa kwenye kitambaa cha kanga. Hakusema yametoka wapi, lakini baba hakufuga kuku. Aliyefuga ni mkewe. Mama alifungua kile kitambaa, akakifua, akakikunja, akanichemshia yai. Mke wa baba alipojifungua, mama alimpelekea mkeka mdogo wa mtoto. Wanawake hao wawili hawakuwahi kuketi pamoja maishani mwao, nami sikuona kwamba walihitaji.

Plasta ilipoondolewa nilivaa kile chuma na kiatu, na siku ya kuvuliwa chuma mama alikuja kwa basi, kwa sababu alitaka kusikia mwenyewe. Dresa alituambia ugonjwa umekwisha. Goti halitakunjika tena, na mguu huo utabaki mfupi kidogo. Nitatembea.

Tulitoka nje, tukasimama kwenye kivuli cha ukuta. Baba aliuliza bila kumtazama mtu, "Tungewahi, lingekunjika?"

Mama angeweza kumkumbusha lile neno lake la kunichukua. Nilimwona akilifikiri. Akajibu, "Tulichelewa sote."

Baba aliinama, akaanza kufungua kamba za ule ubao polepole, na nikaona machozi yakidondokea kwenye mikono yake. Mama hakuondoka. Alishika usukani wa baiskeli isianguke, akangoja amalize. Kisha tukaenda kwa miguu, sote watatu, hadi kituo cha basi. Nilikuwa mbele, nikichechemea, nao nyuma wakienda kwa mwendo wangu.

Baba aliendelea kuleta fedha za maziwa hata baada ya hapo, ingawa hakuna aliyemwagiza. Alizileta mpaka nilipoolewa.