Simu Iliyonyamaza Msibani

Kwa miaka mingi nilikuwa miguu ya ofisi yetu. Chama chetu cha wakulima kina ofisi Majengo, na mimi ndiye niliyetoa majalada masjala, nikayapeleka meza hadi meza na kuyarudisha yakiwa na sahihi. Nilijua nani husaini asubuhi kabla hajakasirika, na nani hagusi kalamu mpaka umuulize habari za ng'ombe wake. Waliponiambia inakuja programu ya kompyuta itakayopeleka kazi yenyewe kutoka kwa mtu hadi mtu, sikuipenda, na sikuficha.

Mtaalamu alitoka Mbeya, mwanamke wa makamo, mpole. Alituuliza kila ombi linaanzia wapi, nani analiidhinisha, linaishia wapi, huku akichora mishale ukutani. Akaeleza kwamba ombi likikaa kwa mtu siku mbili, programu itamkumbusha kwa simu, na haitaacha mpaka alishughulikie. Tulimpigia makofi. Hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwemo, aliyemtajia habari ya msiba.

Kwetu aliyefiwa haulizwi kazi. Hata mkuu wake akifika matangani, huketi mkekani, akatoa pole na kunyamaza. Ni jambo tunalolijua sote, ndiyo maana hatukulisema.

Msimu ule viwavijeshi waliingia mashamba ya kijiji cha Pito. Mama mmoja mjane alikuja na majani ya mahindi yaliyotobolewa, akaomba dawa. Nililiingiza ombi lake, na kompyuta ikaonyesha kwamba limefika kwa afisa wa mazao. Afisa mwenyewe alikuwa kijijini kumzika baba yake, na ofisi nzima ilijua. Lakini kila aliyefungua kompyuta aliona ombi liko mahali pake, akaridhika, akafunga. Enzi za majalada ningeliona limelala mezani kwake, ningelichukua. Safari hii hapakuwa na kitu cha kushika mkononi.

Siku ya nne yule mama akarudi. Nikamwamkia. Akaitikia, akaweka majani mengine mbele yangu.

"Mwanangu, hawa wadudu hawasubiri," alisema.

Niliona aibu kwelikweli. Nilikwenda kwa meneja, naye akasema mwenye ruhusa ya kuidhinisha ni afisa peke yake, basi nimpigie simu. Hapo nilipandisha hasira.

"Bosi, mimi simpigii mtu aliye matangani. Nipe kaimu."

Akasema programu haina mahali pa kaimu. Nikamwambia kalamu anayo. Akavuta karatasi, akaandika kibali kwa mkono wake. Nikakimbiza karatasi bohari, na mchana uleule dawa ikapakiwa kwenye pikipiki kwenda Pito. Mistari ya mahindi ya pembeni ilikuwa imekwisha kuliwa. Ya katikati ilipona.

Afisa aliporudi nilimpa pole, nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Dada, ile simu ililia tukiwa tunatupia udongo," alisema. "Wazee wote waligeuka kunitazama."

Siku hiyohiyo nilimpigia mtaalamu. Alisema hakuna aliyemwambia, na nikakiri kosa lilikuwa letu. Alirudi, akakaa masjala kwangu siku mbili kwenye kigoda, mimi nasema, yeye anaandika. Tangu hapo programu yetu ina kitufe cha msiba. Kikibonyezwa, kazi za aliyefiwa zinahamia kwa kaimu wake, na simu yake haisumbuliwi mpaka arudi mwenyewe. Kitufe hicho kiko masjala, chini yangu. Nilipoambiwa nichague wa kukishika nisipokuwepo, nilimchagua afisa wa mazao. Mtaalamu aliniambia vyama vingine sasa vinakiomba. Mniache niringe, maana mimi niliyeogopa kufukuzwa na mashine ndiye niliyeifundisha adabu.

Mwaka jana mama yangu alifariki. Nilikaa mkekani nyumbani kwetu siku zote za matanga, simu ikiwa mapajani kwa ajili ya ndugu walio mbali. Walipiga ndugu tu. Kutoka ofisini hapakuja hata ujumbe mmoja, na ulikuwa msimu wa pembejeo, wakati maombi yanapomiminika. Baadaye nilikuja kuona kwamba afisa alikibonyeza kile kitufe asubuhi ileile ya taarifa, kabla hajavaa koti kuja kwetu.

Siku ya pili ya matanga alifika yule mama wa Pito, ndoo ya unga wa mahindi kichwani. Akawakabidhi wanawake wa jikoni, akaja kuketi kando yangu, akanishika mkono. Hakuniuliza habari za ofisi. Tulikaa hivyo mpaka ugali ukaiva, na simu haikulia.