Vifaranga Kwenye Laini

Kabla zile simu mpya hazijafungwa, ofisi yetu ya Kicukiro ilikuwa na simu moja tu ya mezani, na ilikaa kwangu mapokezi. Tulikuwa tunauza vifaranga na chakula cha kuku, na wateja wetu wengi ni watu wa Masaka na Gahanga, wenye mabanda madogo nyuma ya nyumba. Mteja akimtaka bosi, nilisimama chini ya ngazi nikamwita kwa sauti. Akimtaka mzee wa stoo, nilitoka uani nikaita tena. Nimekulia Karagwe, upande wa Tanzania, na kupaza sauti nakuweza, lakini kila siku kufika adhuhuri koo lilikuwa limekauka.

Basi fundi alipoingia na maboksi yake, nilimpokea kama mtu anavyompokea bibi harusi. Alikuwa dada wa Goma, mchangamfu, mwenye kucheka kabla hata ya kusalimia. Alipitisha waya ukutani, akaweka simu kwa bosi ghorofani, kwangu, kwa mhasibu, na stoo, kando ya chumba cha kulelea vifaranga. Kila simu ikapewa namba yake ya ndani. Kisha akatuita tukamzunguka.

"Mutu akipiga, unabonyeza hapa, yeye anangojea. Unapiga namba ya mwenzako, unaweka chini, wao wanaongea. Basi! Hakuna tena kuita kama uko sokoni."

Asubuhi ile hatukufanya kazi. Mhasibu, ambaye meza yake inagusana na yangu, alinipigia kuniuliza nimeamkaje. Nikamjibu nimeamka salama, na kwake je, watoto hawajambo? Tulikuwa tunatazamana usoni, vipokeo masikioni, machozi ya kicheko yanatutoka. Bosi, ambaye amekulia Kampala na kwa kawaida hana mzaha hata kidogo, akagundua kitufe cha kupeleka sauti yake kwenye simu zote kwa mpigo.

"Hallo, hallo. Hapa ni bosi. Chai iko tayari?"

Punde tu simu zikanguruma tena.

"Hapa ni bosi. Nimesahau nilitaka kusema nini."

Ikabaki sauti ya kumsikilizisha mteja anapongoja. Simu zilikuja na muziki wake, kinanda fulani cha huzuni, mhasibu akasema mteja atadhani tumefiwa. Bosi alitaka kwaya ya kanisani kwake. Mhasibu alitaka wimbo wa kuchezeka. Wakabishana mpaka fundi akajikalia juu ya boksi lake. Ndipo mzee wa stoo, Mwislamu mzaliwa wa Nyamirambo, mwenye Kiswahili laini alichorithi kwa babu yake mfanyabiashara, akauliza kwa upole, "Jamani, kwani sisi tunauza nini?"

Akamchukua fundi hadi kwa vifaranga. Wakarekodi. Ikawa ukimwambia mtu "subiri kidogo," anasikia piyo, piyo, piyo, kama ameinamishwa juu ya kasha lao. Tuliwekana kwenye kungoja sisi kwa sisi, kwa raha tu.

Mteja wa kwanza kupiga kutoka nje alikuwa mama mmoja wa Gahanga. Alimtaka mzee, mzee alikuwa anapokea mzigo wa pumba, nikamwomba mama asubiri. Niliporudi kwake nikakuta vurugu.

"Mama, bado upo?"

"Nipo, binti yangu, lakini usiseme! Rudisha ile sauti! Ayi we, irudishe!"

Nilimwuliza kuna nini. Akanieleza huku akihema. Alikuwa na kuku wa kienyeji aliyeatamia mayai, mayai yote yakawa viza. Ameyatupa, lakini kuku hataki kutoka kiotani, hataki kula, anakonda juu ya majani matupu. Simu yake ilikuwa uani kwake, imewekwa spika. Kuku aliposikia vifaranga, alitoka mbio, mabawa wazi, na sasa alikuwa anaizunguka simu akiwaita.

Nikamrudisha kwenye kungoja, kwa ombi lake mwenyewe. Lakini kicheko kilinikatika katikati. Yule kuku alikuwa anawatafuta watoto ambao hawapo.

Nikampigia mzee stoo, nikamsimulia, nikamwunganisha na mama. Alimwambia aje siku hiyohiyo. Mama alifika kwa moto, zile pikipiki za kukodi, kofia ya abiria imempwaya kichwani, akaondoka amekumbatia boksi lenye matundu. Mzee alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki.

"Giza likianza kuingia, mama, wapenyeze chini ya bawa mmoja mmoja. Polepole. Usimshtue."

Siku hiyo kila nilipopokea simu nilikuwa nafikiria bawa lile.

Kesho yake, kabla hatujanywa chai, mama akapiga.

"Nipe wote," akasema. "Kila mtu wa hapo, nimpate."

Kwa bahati fundi alikuwa amerudi kukaza waya fulani. Alikuja mbio, akanionyesha namna ya kuziingiza simu zote kwenye mazungumzo mamoja. Tukainua vipokeo, bosi juu, mzee stoo, mhasibu na mimi, na fundi akaliegemeza sikio lake kwangu.

"Haya, sikilizeni," mama akasema.

Tukasikia kok, kok, kok ya chinichini, ile ya kuku anayewaonyesha watoto chakula. Halafu sauti nyembamba nyingi zikimjibu.

"Amewakubali," mama akasema. "Leo asubuhi nimekuta vichwa vinachungulia kwenye manyoya. Na yeye mwenyewe amekula!"

Mzee akasema alhamdulillahi. Mhasibu akapiga meza kwa kiganja, fundi akanikumbatia shingoni nikakaribia kudondosha simu. Na bosi akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwahi kujua anacho, nikawa nakisikia mara mbili, kwenye simu na kupitia dari.

"Mama," akasema alipopata pumzi, "kuku wako iko hodari sana!"

"Yego, ni hodari, lakini ngojeni. Anawapeleka kwenye mahindi ya jirani. Wee! Wee, rudi!"

Tukasikia kandambili zake zikikimbia, na simu ikabaki wazi pale uani.