Binti wa Mfalme Aliyeota Ndevu

Bibi yangu hakupata kuingia kanisani, lakini watakatifu wa Kikristo aliwajua kuliko majirani zetu wa hapa Ibra, bara ya Maskati. Alipokuwa msichana Unguja alifundishwa kushona na masista, na masista wale walipenda hadithi za watakatifu wa zamani, wale ambao hata Wakristo wenyewe wamewasahau. Mimi nilimpenda mmoja tu, binti wa mfalme wa Ureno.

"Wareno hawa hawa tuliowatoa Maskati?" nilimuuliza mara ya kwanza.

"Hawa hawa. Nyamaza usikilize."

Mwaka niliokuwa nasoma chuo Nizwa, wakaja wanawake kutoka Izki, watu wa Zanzibar kama sisi, kunitazama kwa ajili ya kijana wao. Kijana mwenyewe sikumtaka hata kwa dawa. Baba alikwisha ridhia, na machozi yangu hakuna aliyeyauliza.

Tukala halua, ubani ukazunguka. Mama wa kijana akajitakia mwenyewe: "Bibi, tuhadithie kidogo."

Bibi akamhadithia. Mfalme alimwoza bintiye kwa mtu asiyemtaka. Binti akamwomba Mungu amharibu sura, akaamka na ndevu mpaka kifuani. "Bwana harusi kuziona, mbio!"

"Astaghfirullah! Hadithi za Manasara hizo," mgeni akacheka.

"Hadithi, eeh." Bibi akashusha mtandio, akakitoa kidevu chake kwenye mwanga wa dirisha. Nywele nyeupe zikang'aa. "Lakini kwetu ni damu. Mama yangu alikuwa nazo, mie ninazo." Akanitazama kwa huruma kubwa. "Na huyu maskini ndiyo anaanza. Mie sipendi kuficha, ndoa haitaki hila."

Mgeni akanikagua kidevu kama anayenunua mbuzi. Kahawa ilipomfikia, akatikisa kikombe, yaani basi, imetosha, kabla hata hakijajazwa.

Simu ya Izki haikulia tena. Mama alininunia, baba akalaumu nyota yangu, mimi nikarudi chuo nina furaha mpaka naona haya.

Kabla sijaondoka nilimuuliza bibi kwa nini siku zote alikataa nimng'oe nywele zile. Akakipapasa kidevu.

"Na mie niliomba, mwanangu, nilipoozwa babu yako. Nikaomba sana. Haukuota hata unywele mmoja." Akacheka, lakini si sana. "Zimekuja yeye keshakufa. Nikasema basi, nitaziweka, iko siku zitamfaa mtu."