Moto Haunyimwi Jirani

Nakumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, nilipomnyima mgonjwa dawa huku nikijiona mtu wa haki. Ndilo kosa langu la kwanza katika kazi ya kutibu, na nimechoka kulificha.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa hapa Kenyamonta. Zahanati ilikuwa mbali, basi nikakabidhiwa sanduku la dawa. Shule ya maana sikuwa nayo. Kusoma na kufunga vidonda nilijifunza mwenyewe, na aliyejifunza mwenyewe huishi na hofu ya kukosea. Nilisugua mkasi hadi ukang'aa. Niliogopa kwamba kidonge kikipotea nitaitwa mwizi. Dawa zilikuwa za bure kwa wote. Lakini mkutanoni tuliambiwa asiyefanya kazi na asile, nami kwa bidii yangu nikaongeza: wala asitibiwe.

Asubuhi ile akaja jirani yangu, Bibi Bhoke, na mjukuu wake Marwa mgongoni, anawaka homa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mura," akaniita, yaani kijana. "Nipe dawa ya homa."

"Mbona hujaonekana shamba la kijiji?"

"Namuuguza huyu. Au nimpe jembe alime yeye?"

Waliokuwapo wakacheka. Mimi nikafunga sanduku. "Sheria ni sheria, bibi." Akamkaza mtoto mgongoni, akaondoka mvuani.

Jioni moto wangu ukazima. Viberiti vilikuwa vimeadimika, na kwetu moto ukizima unaomba kaa kwa jirani; hata mkiwa mmegombana, moto haunyimwi. Jirani wa karibu alikuwa yule yule. Nilisimama mlangoni kwake na kigae cha kubebea kaa mkononi, nikishindwa hata kubisha.

"Ingia, mura, unalowa."

Akachagua kaa kubwa kuliko yote, akalifunika majivu lisizime njiani. Nyuma yake Marwa alikuwa anatetemeka, macho yamegeuka.

"Bibi, hunisemi?"

"Moto hauulizi ulishinda wapi. Nenda, litazima."

Kaa lilianguka matopeni nikikimbilia sanduku. Marwa alipona, ila homa ilimwacha kiziwi. Leo ni mzee mwenye ng'ombe zake, na tukikutana namsalimu kwa kuinua mkono. Hutabasamu. Sijui kama aliwahi kuelezwa kwamba nilimnyima dawa.

Mwanangu, kuishi kwingi ni kuona mengi. Nawasikia vijana mkibishana nani anastahili kutibiwa na nani ni mvivu, na hoja hizo zote zilikuwa zangu. Mvivu yupo, nimemtibu mara nyingi. Lakini mara nyingine ugonjwa wenyewe ndio umemtoa mtu shambani, na aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Dawa, maji safi, chakula cha kulalia, hivi viwe kama moto wetu: mwenye kigae apewe kwanza. Kama ana lawama, mtamwita ritongo, mbele ya baraza la wazee, akiwa mzima wa kujibu. Na wote tuchangie kuni, maana moto wa kugawa nao hula kuni.

Mungu akupe jiko lisilozima, na siku likizima akupe jirani kama Bibi Bhoke.

Mimi, tangu jioni ile, sijamuuliza mgonjwa yeyote alishinda wapi.