Émérance hataki mwingine amlinde Mjapani wake

Saa sita na nusu mchana. Wenzake wengi wanakula, lakini Émérance amejibanza nyuma ya mlango wa chumba chenye mwanga hafifu, anachungulia. Ndani, mwanamke mwingine amesimama karibu kabisa na mwanaume wake.

Mwanaume mwenyewe ni wa karatasi, jamani! Ni mwigizaji wa Kijapani wa zamani, picha iliyochapwa kwa mbao za kuchonga: uso mkubwa, mdomo umepinda chini, jicho moja limekimbilia puani.

Émérance, mzaliwa wa Bukavu, ni mlinzi katika jumba moja la makumbusho hapa Brussels. Hadi miezi michache iliyopita alikuwa akisugua sakafu za humo humo. Asubuhi moja akifuta kioo cha picha hiyo, wakakutana uso kwa uso.

"Nilishituka! Nikasema, mais, huyu ni mama-mukwe yangu!" anacheka. "Muntu ni ya Japon, lakini ile kasirani ni ya Bukavu."

Alipopata kazi ya ulinzi akapewa chumba hicho. Watoto wa shule wakija, anawafundisha kukunja sura kama mwigizaji, mpaka wakawa wanamuulizia kwa jina. Wiki iliyopita bosi, wanayemwita chef, akamhamishia kwenye vyombo vya udongo. Chumba akapewa Mwadi, wa Lubumbashi.

"Sahani haiko na macho," analalamika. "Unaiangalia, haikuangalie."

Leo, pale nyuma ya mlango, uvumilivu umekwisha. Mwadi anawaonyesha watoto ile sura, na anageuza macho yote mawili! Émérance anaruka ndani.

"Mwadi! Ni jicho moja tu!"

"Maman Émérance, si uko na sahani zako?"

"Ni miye nilianzisha ile sura!"

"Bon, onyesha basi," anajibu Mwadi.

Wanasimama pua kwa pua, wanakunja nyuso. Watoto hoi kwa kicheko, wanapiga kura kwa mikono. Anashinda Mwadi.

"Batoto ya leo habajue kitu," anasema Émérance baadaye, kahawa yake ikipoa.

Kinachomuuma zaidi ni Jumapili, Mjapani atakapoondolewa. Mwanga hula rangi za picha hizi, kwa hiyo baada ya miezi michache ukutani zinarudishwa gizani, kwa miaka. Amemwomba chef ampe zamu ya siku hiyo ya mwisho. Chef anasema ataangalia ratiba.

Lakini mpango anao.

"Akikatala, ile dimanche ya mwisho itakuwa congé yangu, hakuna kazi. Nitavaa pagne yangu ya misa, nitalipa tiketi kama wageni, nitasimama pale mpaka bafunge. Mwadi aniambie: 'Madame, usikaribie sana.' Na miye nitakaribia."