Pikapu Iliyozima kwa Bibi Milembe

Enzi zetu pale Didia, mtoto alilijua gari kabla hajaliona. Tunacheza rede, vumbi hadi kwenye nyusi, mdomoni tunatafuna michembe ya viazi vilivyokaushwa, mmoja akisema, "Pikapu ya Baba Kabula hiyo," hakuna wa kubisha. Kabula ni mimi. Vijana wa leo wanafungulia muziki, injini inakohoa hadi inakata roho, wao wanatikisa vichwa tu.

Pikapu ya baba ilikuwa ya petroli, kuukuu, bluu yake imebaki milangoni. Siku za mnada ilibeba watu, kuku na magunia. Msimu mmoja kifuniko cha tangi la mafuta kilidondoka njiani. Baba akachonga kizibo cha mti, akakizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, akakigongea kwa nyundo hadi kikabana. Tukakisifu sana.

Wiki ileile gari likaanza kuzima. Kutoka nyumbani lilikwenda vizuri. Likifika kwenye kona ya Bibi Milembe linakohoa mara mbili, kimya. Baba anafungua boneti, anasubiri nusu saa, anapiga stata, linawaka. Alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, fundi akaja akaweka koili nyingine. Mnada uliofuata, kona ileile.

Bibi Milembe alikuwa mjane, akiishi peke yake nyuma ya uzio wa minyaa. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya mwanamke yeyote aliyepikia kwenye moshi wa samadi kavu maisha yake yote. Kila tulipokwama alitutolea maji kwenye kibuyu. Mama alimwamkia, "Mwangaluka, mayu," abiria wakanywa. Kisha wakaanza kunong'ona: "Anajuaje kwamba tutasimama? Maji yako tayari!" Mimi nilijifanya nakunywa, nikamwaga. Wakati wa kurudi gari lilizima karibu na kisima chetu wenyewe, lakini hilo hakuna aliyelihesabu.

Wa rika langu mnaijua hofu hii. Mwanamke mzee, macho mekundu, na neno "mchawi" limeshazunguka mnadani. Kijiji cha pili kulikuwa na bibi aliyekutwa amekufa asubuhi mlangoni kwake, na tulipouliza tuliambiwa twende tukachote maji.

Mnada mwingine ulipofika, wanaume walipanda bila kuku wala magunia. Jirani yetu Masanja, ambaye siku zote alininyanyua kunipandisha, alikuwa na kitu kirefu alichokifunga kwa kitambaa. Akainama dirishani. "Baba Kabula, leo likizima pale usihangaike na boneti. Tutaongea na fundi mwenyewe." Wakacheka.

Baba angeweza kukataa safari. Lakini wangekwenda kwa miguu, na yeye asingekuwepo. Aliendesha polepole, jasho likimtiririka shingoni. Mama aliushika mkono wangu hadi vidole vikaniuma. Niliiomba injini kimoyomoyo: usizime, usizime.

Ikakohoa. Mara mbili. Kimya.

Nikasikia miguu ikiruka chini nyuma yetu. Mama alikuwa ameshatoka, kasimama kwenye mwanya wa uzio, mikono kiunoni. "Mtaanza na mimi!" Na nyuma yake, taratibu, Bibi Milembe akaja na kibuyu chake. "Karibuni maji, wanangu. Leo mmekuja wengi."

Baba hakugusa boneti. Kilichobaki kukaguliwa kilikuwa tangi tu. Akaking'ang'ania kile kizibo kwa mikono miwili hadi kikachomoka, na tangi likavuta pumzi, fyuuuu, ndefu, kila mtu akaisikia. Baba akakitazama kizibo. Akarudi mbio kwenye usukani, akapiga stata. Likawaka palepale, bila ile nusu saa.

Niwaeleze taratibu, kama baba alivyowaeleza wale wanaume. Debe la mafuta ya kula ukilitoboa tundu moja, mafuta yanatoka kidogo kisha yanagoma. Ukitoboa la pili hewa inaingia, yanatiririka. Kifuniko cha zamani kilikuwa na kitundu cha kupumulia. Kizibo chetu kilibana mno, pampu ikavuta petroli hadi ikashindwa. Na kwa kuwa baba alijaza mafuta nyumbani kila safari, pumzi iliisha mahali palepale.

"Bahati tu hiyo," Masanja akasema.

"Panda. Kizibo kishike wewe." Baba akageuza hadi nyumbani, akafunika tangi kwa kitambaa, tukaanza safari upya. Tulipoipita kona injini haikukohoa hata mara moja.

Leo vijana wa karakana za Kahama wanachomeka waya, kimashine kinawatajia ugonjwa wa gari kabla hujashuka. Nawatania kwamba masikio yao yatakuja kuota kutu. Ila moyoni nasema, laiti tungekuwa na kimashine kile. Tukikaa wenzangu tunazisifu enzi zetu, michembe, mapenzi ya jirani, nami nazisifu na kuzitamani. Kisha nakumbuka kwamba jirani ndiye aliyebeba panga, na kwamba nami niliamini.

Bibi Milembe alikufa miaka mingi baadaye, kitandani kwake, kwa uzee. Watoto wangu hushangaa ninavyolitamka hilo neno, uzee, kana kwamba alikuwa ameshinda kitu.