Sssss Nyuma ya Sauti ya Mama

Pale redioni walimwita Masikio, kwa sababu, walisema, alimsikia mbu kabla mbu mwenyewe hajajua kama anaimba. Kazi yake ilikuwa kusawazisha sauti, ili mgeni anayenong'ona na mgeni anayebweka wamfikie msikilizaji kwa kipimo kimoja.

Asubuhi ile alikuwa amemrekodi mama yake mzazi, mkunga mstaafu, nyumbani kwa mama huyo. Mama alikuwa mtihani. Akisimulia mtoto aliyezaliwa salama, alicheka mpaka mshale wa mashine unagonga ukingo. Akifika kwa mzazi aliyefia mikononi mwake, sauti ilizama, ukabaki unamsoma midomo. Kwa hiyo saa tano Masikio aliketi studio, akavaa hedifoni, akaanza kuibana rekodi. Ukibana, vicheko vinakandamizwa. Kisha unanyanyua sauti yote kwa pamoja, na yaliyozama yanaibuka.

Yaliibuka kweli. Mnong'ono wa Mama ulikuja wazi kabisa. Lakini nyuma yake kulikuwa na kitu kingine: sssss.

"Waya mbovu huu," akajisemea, akabadilisha waya. Sssss. Akafungua rekodi ya jana, iliyofanywa kwa kinasa kilekile, akaibana vilevile. Kimya. Akairudia ya Mama tangu mwanzo. Dakika nne za kwanza hapakuwa na kitu. Kisha kikasikika kitu kizito kikiburutwa sakafuni, na sauti yake mwenyewe ikisema, "Ngoja nisogeze mtungi, kiti chako kikae vizuri." Kuanzia hapo, sssss, bila kukatika, hadi mwisho.

Mtungi wa gesi.

Yeye alikuwa na mafua, pua imeziba siku ya tatu hiyo. Mama naye hakuwa akinusa chochote tangu alipougua mwaka juzi. Na madirisha? Ni yeye Masikio aliyeyafunga yote, kelele za barabarani zisiingie, akaagiza, "Mama, usifungue, nitarudi mchana tumalizie." Hata simu ya Mama aliizima kwa mkono wake.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika chache. Saa sita Mama hupika.

Alipiga simu vivyo hivyo. Haipatikani. Akampigia fundi cherehani, jirani wa ukuta kwa ukuta.

"Niko sokoni nanunua vifungo," fundi akajibu. "Kwani kuna nini?"

Akakata simu. Alitoka mbio na hedifoni shingoni, mtangazaji akimwita kwa nyuma, akadandia pikipiki ya kwanza aliyoiona.

"Dada, unanivunja bega," dereva alilalamika.

"Kaza mwendo, kaka yangu, nakuomba!"

Lori moja lilipiga mlio, akajikunja kama aliyepigwa rungu. Macho yake hayakutoka juu ya mapaa. Alikuwa anatafuta moshi, na huku anaogopa kuuona.

Nyumba ilikuwa imesimama. Mlangoni alisita. Angeweza kuingia na hapohapo Mama akawasha jiko. Akasema bismillahi moyoni, akasukuma mlango. Safari hii alisikia sssss bila mashine yoyote. Alibana pumzi, akafunga koki ya mtungi, akafungua madirisha moja baada ya jingine bila kugusa swichi.

"Mama!"

Kitandani hayupo. Bafuni hayupo. Akapiga magoti kuchungulia nyuma ya kabati, akimtafuta aliyeanguka.

"Mama wee!"

"Mbona unapayuka kama mnadani?"

Mama alikuwa amesimama kizingitini. Mkono mmoja umeshika kiberiti, mwingine kijiti tayari. "Nilikosa kiberiti, nikaenda kuazima nyumba ya nyuma. Tena umefungua madirisha! Si ulisema kelele..."

Masikio alimrukia, akampokonya kiberiti, akakitupa uani, akamvuta nje. Kisha akakaa chini palepale kwenye vumbi.

"Ungeniomba tu, mwanangu," Mama alisema, bado hajaelewa. "Kiberiti chenyewe cha watu."

Alipoelezwa, aliketi kando ya binti yake.

Fundi wa gesi alikuja alasiri. Akawaonyesha mpira: ulikuwa umechanika pale unapoingia mtungini. "Huu umevutwa kwa nguvu," alisema. "Nani aliusogeza mtungi?"

Hofu ikamrudia Masikio upya, ya namna nyingine. Alitamani kunyamaza.

"Mimi," akasema. "Ni mimi, Mama. Niliuburuta ili upate nafasi ya kiti."

Mama alimtazama mpaka fundi akainamisha macho. Halafu akamshika mkono.

"Leo usirudi kwako," Mama alisema. "Siwezi kulala peke yangu humu."